Kambwa ka mfukoni: udogo wa mbwa unamaanisha nini hasa mwilini mwake

Jioni moja ya Septemba jirani yangu, msichana anayesoma mwaka wa pili chuoni, aliingia palaseli yetu huku amenyoosha simu. "Yaya, ona haka kambwa! Banakauzisha. Kanaweza ingia mu sakoshi." Kwenye picha kulikuwa na kiumbe mwenye manyoya ya rangi ya asali, utepe mwekundu kichwani, ameketishwa ndani ya kikombe cha chai. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya muuzaji: hakali chakula kingi, hakaumi, manyoya yake hayana shida, na kwa sababu kanakaa ndani ya nyumba hakahitaji sindano. Kisha akamalizia kwamba hakatakua, katabaki hivyo hivyo.

Picha kama hizo zinazunguka sana Lubumbashi siku hizi, kutoka Golf hadi Ruashi, na mimi naulizwa kwa sababu nyumbani kwetu yuko mbwa wa namna hiyo. Ni yorkshire, jina lake Kito, na huu ni mwaka wake wa sita. Nampenda sana. Ndiyo maana nataka kueleza mambo ambayo hakuna aliyenieleza kabla Kito hajaingia mlangoni, maana nusu ya maneno ya muuzaji yule niliwahi kuyaamini, na mojawapo karibu limuue.

Tuanze na maneno yenyewe. Watu wakisema "mbwa wadogo" huchanganya vitu vitatu. Kuna mtoto wa mbwa, ambaye ni mdogo kwa umri tu na atakua. Kuna mbwa wetu wa kawaida wa mtaani ambaye ametokea kuwa mfupi. Na kuna jamii za mbwa ambazo binadamu amezizalisha kwa kuchagua, kizazi baada ya kizazi, ili ziwe ndogo na zikae na mtu kama wenzi wake. Makala haya yanahusu hao wa tatu. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911 na lenye makao yake Ubelgiji, limegawa jamii za mbwa katika makundi 10, na kundi la 9 ndilo la mbwa wa kukaa na watu. Humo yumo chihuahua, ambaye hapa tunamwita chiwawa na ambaye hazidi kilo 3 hivi. Yumo maltese, shih tzu, pekinese, na yule mwenye uso uliobonyea anayeitwa pug, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Kifaransa, carlin. Yorkshire amewekwa kundi jingine, la mbwa wa kuwinda panya na wanyama wa mashimoni, na jambo hilo lina maana yake, nitalirudia.

"Mbwa wa kikombe" hayumo popote. Si jamii inayotambuliwa. Ni jina la kibiashara tu, na nyuma yake mara nyingi kuna mtoto dhaifu kuliko wenzake wote waliozaliwa naye, au mtoto wa wazazi waliochaguliwa kwa udogo uliopita kiasi, au mtoto aliyetolewa kwa mama yake kabla ya wakati na kupewa umri wa uongo. Huyo wa mwisho ndiye anayepatikana sana sokoni. Mtoto wa wiki 5 ukisema ana miezi 3, mnunuzi atashangaa udogo wake na kulipa zaidi. Kuna njia ya kuangalia: fungua mdomo wake taratibu. Meno ya maziwa ya mbwa huanza kutoka kwenye wiki ya 3 au ya 4, na kwa kawaida kufikia wiki ya 8 huwa ameshapata yote 28. Kwa mbwa wadogo sana yanaweza kuchelewa kidogo, lakini anayedaiwa kuwa na miezi 3 huku nyuma hana magego, usimchukue.

Mwili usio na akiba

Katika mtaa wetu kuna mama anayeweka mfuko mzima wa unga nyumbani, na kuna mama anayenunua kwa meka, kile kipimo cha dukani, siku kwa siku. Wote wawili wanapika bukari jioni, na ukitazama sahani hutaona tofauti. Tofauti inaonekana siku duka likifungwa. Yule wa mfuko hatajua hata kama limefungwa. Yule wa meka, watoto wake watalala njaa usiku huo huo.

Mbwa mdogo anaishi kwa meka. Hilo ndilo jambo kuu, na mengine karibu yote yanatoka humo. Watu hudhani mbwa mdogo ni mbwa mkubwa aliyepunguzwa, hivyo na shida zake zimepungua. Kumbe kilichopunguzwa ni akiba: akiba ya sukari katika damu, ya joto mwilini, ya nafasi kooni, ya unene wa mfupa. Mahitaji hayakupungua kwa kiwango hicho hicho. Ukihesabu kwa kila kilo ya mwili, mbwa wa kilo 2 anahitaji takriban maradufu ya nishati anayohitaji mbwa wa kilo 30. Anakula kidogo, ndiyo, lakini anatakiwa kula mara nyingi, na hawezi kusubiri.

Kito aliletwa kwetu akiwa na uzito wa gramu 700. Najua kwa sababu tulimpima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la plastiki, akitetemeka. Tuliambiwa ana miezi 2 na nusu. Siku ya pili tulikuwa na wageni, chakula chake cha jioni kikasahaulika. Nilijiambia atakula asubuhi, kama walivyokuwa wakifanya mbwa wote niliokua nao utotoni Kamalondo. Alfajiri nilimkuta amelala ubavu, miguu ya mbele inatikisika, macho yamekwama upande mmoja, fizi nyeupe na baridi. Nilimshika, shingo ikaanguka. Daktari wa wanyama niliyempigia simu hakuniuliza mengi. Aliniambia nichukue asali, nimpake kwenye fizi na ndani ya shavu kwa kidole, nisimimine kooni maana atakabwa, nimfunge katika kitambaa chenye joto, nimlete mara moja. Tulikuwa na chupa ya asali ya msituni, ile inayouzwa kandokando ya barabara. Nilipaka, nikasubiri, nikapaka tena. Baada ya dakika kama kumi ulimi wake ulijisogeza kulamba kidole changu.

Ilikuwa sukari imeshuka. Kwa watoto wa chihuahua, yorkshire, maltese na wenzao jambo hili ni la kawaida mno, kwa sababu ini lao dogo haliwezi kutunza sukari ya usiku mzima na misuli yao ni michache. Njaa ya saa chache, baridi, minyoo, safari ndefu au woga wa nyumba mpya vinatosha. Mtoto wa namna hiyo anapaswa kula mara nne au zaidi kwa siku mpaka akue, na mtu lazima awe nyumbani wa kumlisha. Jirani yangu anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Hilo lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza, na hakuwa amelifikiria.

Joto nalo lina kanuni yake. Chai iliyo kwenye kikombe hupoa kabla ya maji yaliyo kwenye sufuria, ingawa zote zilitoka jikoni pamoja, kwa sababu kitu kidogo kina ngozi nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani. Mwili wa mbwa unatakiwa kukaa kwenye nyuzi 38 hadi 39 hivi. Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Lubumbashi unaposhuka chini ya nyuzi 10, mbwa wa kilo 2 anapoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Kumlaza nje na mbwa wa ulinzi, kwenye saruji karibu na kibanda cha sentineli, si kumzoesha maisha. Ni kumuua polepole.

Pua fupi na mwezi wa Oktoba

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoona ugonjwa na kuuita uzuri.

Pekinese, carlin, shih tzu, na pia bulldog wa Kifaransa ambaye sasa anapendwa sana, wana uso bapa na macho makubwa. Uso unaofanana na wa mtoto mchanga unatuvuta, ndiyo maana ulichaguliwa. Tatizo ni kwamba waliochagua walifupisha mfupa wa uso, lakini nyama ya ndani haikufupika nao. Fikiria godoro la chumba kikubwa linaloshindiliwa katika chumba cha boy: limejikunja, limeziba mlango, na huwezi kupita. Ndani ya kichwa cha mbwa huyo, kaakaa laini la nyuma ni refu kuliko nafasi yake na linaning'inia kwenye njia ya hewa. Matundu ya pua ni membamba kama mstari. Ili kupata pumzi anayoipata mbwa mwingine bila kufikiri, yeye anavuta kwa nguvu, na kule kuvuta kunazifanya nyama za koo kuvimba zaidi mwaka hata mwaka.

Ukitaka kujua anavyojisikia, chukua mrija wa soda, ziba pua, kisha panda ngazi ukipumua kwa mrija huo peke yake.

Kwa mbwa, pumzi ina kazi ya pili. Sisi tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa anatoa jasho kidogo tu kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema, ulimi nje, hewa ikipita haraka kwenye sehemu zenye unyevu za mdomo na pua. Mwenye njia ya hewa iliyoziba hawezi kuhema vizuri. Akijaribu, ile kazi ya kuhema yenyewe inampandisha joto. Basi mlete Lubumbashi mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua linapozidi nyuzi 30 na vumbi jekundu limetanda. Umfungie ndani ya gari dakika chache ukinunua kitu kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Au umpeleke matembezi saa saba mchana kwa sababu picha zinatoka vizuri. Ulimi ukigeuka rangi ya zambarau, akianza kuyumba au kutapika, umebaki na dakika za kuhesabu: kivuli, maji ya kawaida mwilini, upepo, halafu daktari.

Watu husema, "Anakoroma kama mzee, anafurahisha." Mbwa anayekoroma akiwa macho, anayelala akiwa amekaa au ameegemeza kidevu juu ya kitu ili koo linyooke, huyo anatafuta hewa. Mashirika mengi ya ndege yanakataa kuwasafirisha mbwa wa pua fupi katika sehemu ya mizigo, maana wamekuwa wakifa njiani. Na wakihitaji upasuaji, nusukaputi kwao ina hatari kubwa kuliko kwa mbwa wa kawaida, kwa hiyo hata tatizo dogo linakuwa kubwa. Macho pia: tundu la jicho ni fupi, jicho limetokeza, linakauka, linachubuka na vumbi, na kwa pekinese pigo au kukamatwa shingoni kwa nguvu kunaweza kulitoa jicho mahali pake.

Mambo haya yameshafika mahakamani. Norwe mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kuzalisha mbwa aina ya cavalier King Charles, mwenzi mwingine mdogo mwenye macho ya huruma, ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama ya nchi hiyo. Sababu ni magonjwa yaliyoenea katika jamii yote: vali za moyo zinazoharibika mapema, na fuvu dogo lisilotosha ubongo. Nayataja hayo kwa sababu watu wetu wengi wanaamini mbwa wa jamii safi, mwenye karatasi, ndiye mbwa mzima. Karatasi inaeleza wazazi wake ni akina nani. Haielezi kama wazazi hao walikuwa wanapumua vizuri.

Meno 42 katika mdomo wa kidole gumba

Mbwa mzima ana meno 42. Mbwa mkubwa wa ulinzi ana 42, na chihuahua anayetosha viganjani ana 42 vile vile. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba tofauti katika jeni moja, iitwayo IGF1, inachangia sana kumfanya mbwa awe mdogo. Jeni hiyo inahusu ukuaji wa mwili na haipunguzi idadi ya meno. Kwa hiyo meno yanasongamana kama abiria wa teksi ya basi, mengine yanakaa ubavu, chakula kinabaki katikati, ukoga unajenga, fizi zinaoza. Mara nyingi meno ya maziwa hayang'oki. Jino jipya linatoka kando yake na yanabaki mawili mawili. Harufu ya mdomo ambayo watu wanaizoea kama "harufu ya mbwa" ni ugonjwa. Taya la mbwa mdogo ni jembamba kiasi kwamba jino lililooza linaweza kuvunja mfupa. Kinga ni kumsugua meno kwa mswaki laini karibu kila siku, bila dawa ya meno ya watu, maana baadhi yake ina sukari bandia ya xylitol, ambayo kwa mbwa ni sumu.

Magoti nayo yanalegea. Kiswahili kina neno zuri la mfupa ule wa mbele ya goti, kilegesambwa, na huwa nalikumbuka kila nikimwona mbwa mdogo anakimbia, anakunja mguu wa nyuma, anaruka hatua tatu kwa mguu mmoja, kisha anaendelea kama kawaida. Wenyeji hucheka. Kilegesambwa kimechomoka kwenye mfereji wake na kurudi. Kikizoea, mbwa anakuwa kilema.

Kwa yorkshire, pomerania na chihuahua kuna pia bomba la hewa kooni ambalo pete zake ni laini na huweza kujibonyeza. Mbwa anakohoa kwa sauti kama ya bata bukini au kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kwa sababu hiyo mbwa hawa hawafungwi kamba shingoni, wanavaa mkanda wa kifuani. Unene unazidisha tatizo hilo.

Halafu kuna kuanguka. Chihuahua wengi wanabaki na utosi usiofunga kabisa, kama wa mtoto mchanga. Miguu yao ya mbele ina unene wa penseli. Kuruka kutoka mikononi mwa mtoto wa miaka mitano, kukanyagwa gizani umeme unapokatika, kuumwa mara moja tu na mbwa wa jirani: mambo ambayo mbwa wa kilo 20 angeyatikisa na kuondoka, kwa mbwa wa kilo 2 ni kuvunjika au kufa. Nyumba yenye watoto wadogo wengi na mlango unaofunguka kila wakati, kwa maoni yangu, si mahali pake. Najua wengi wananunua hasa kwa ajili ya watoto. Ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine.

"Anakaa ndani, hahitaji sindano"

Hili ndilo neno la muuzaji lililonikasirisha zaidi, kwa sababu linaweza kumuua mtu.

Kichaa cha mbwa hakiangalii kilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya wanaougua wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa mdogo anatoka kwenda haja uani, geti linaachwa wazi, mbwa mwingine anaingia, inatosha. Meno madogo yanatoboa ngozi ya mtoto vizuri kabisa, na kwa sababu jeraha ni dogo, watu wanalipuuza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kama daktari anavyoagiza. Kabla ya hapo kuna sindano nyingine, hasa za parvo na homa ya mbwa, zinazoanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Parvo ni kutapika na kuhara damu. Kwa mtoto wa gramu 700 asiye na akiba ya maji wala sukari, siku moja inaweza kutosha.

Muulize muuzaji kijitabu cha chanjo, chenye kibandiko cha chupa, tarehe na sahihi ya daktari. Na uliza dawa ilihifadhiwa wapi. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Katika mji ambao umeme unakatika siku nzima, friji isiyo na jenereta wala paneli ya jua inageuza chanjo kuwa maji tu, na mbwa wako anapata sindano bila kinga.

Kupe pia wanaingia ndani. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kuishi na kuzaana katika nyufa za ukuta wa nyumba, na anabeba magonjwa ya damu. Hapo ndipo kosa la dozi linapojitokeza. Nimeona mtu akimwogesha mbwa mdogo kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, amepima kwa kizibo. Dawa hupimwa kwa uzito. Ukikosea kidogo kwa mbwa wa kilo 30, ataelemewa siku moja. Kwa wa kilo 2, tone lile lile ni mara kumi na tano zaidi. Kukata kidonge cha mbwa mkubwa vipande vinane nako hakufai, maana dawa haijasambaa sawasawa ndani ya kidonge. Dawa za watu za maumivu, kama ibuprofen na paracetamol, usimpe kabisa bila agizo la daktari wa wanyama.

Chakula kina mantiki hiyo hiyo. Vipande vichache vya chokoleti nyeusi ambavyo mbwa mkubwa angevitapika tu vinaweza kusimamisha moyo wa chihuahua. Kitunguu kilicho kwenye mchuzi kinaharibu chembe za damu. Samaki wa makayabo wana chumvi mno. Mafuta ya nyama anayorushiwa na wageni mezani yanaweza kuwasha kongosho, na yorkshire ni miongoni mwa wanaoelekea huko. Bukari tupu inashibisha, lakini haimjengi. Ukishindwa kumnunulia chakula chake, basi apikiwe chenye nyama, na daktari akusaidie kupanga.

Tabia haikupungua na mwili

Nilisema nitarudi kwa yorkshire. Alitengenezwa karne ya 19 kaskazini mwa Uingereza, katika mazingira ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ili kuua panya. Leo anavalishwa utepe, lakini kichwani bado ni mwindaji: anabweka kwa kila hatua inayopita barabarani, anachimba, hakubali kushindwa. Katika palaseli yenye wapangaji wanne na ukuta mmoja, kubweka huko ni ugomvi wa kila usiku. Pekinese kwa upande wake aliishi katika majumba ya wafalme wa China, na ana ukaidi wa aliyezoea kuhudumiwa.

Kusema mbwa wadogo hawaumi ni kosa. Wanauma, na sababu kubwa ni sisi. Mbwa mkubwa akinguruma mtu anashtuka na kumfundisha. Mdogo akinguruma tunacheka, tunampiga picha, tunamnyanyua juu kwa nguvu asipotaka. Anajifunza kwamba kunguruma hakusikilizwi, ila kuuma kunasikilizwa. Kumfundisha haja pia ni kazi: kibofu ni kidogo, na mtoto wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi. Hukumbuki, unakuta kimiminika chini ya kabati.

Na hakuna mbwa asiyeleta mzio. Watu wanasema maltese na shih tzu hawapukutishi manyoya, hivyo mwenye pumu yuko salama. Kinachomsumbua mwenye mzio kinatoka zaidi kwenye mate na ngozi ya mbwa, na kila mbwa anavyo. Manyoya yasiyopukutika yanaendelea kukua kama nywele. Yasipochanwa yanafungamana, yanavuta ngozi, chini yake panatoka vidonda. Vumbi letu linafanya kazi hiyo iwe ya kila siku.

Muda nao uhesabiwe. Mbwa wakubwa sana mara nyingi hawafiki miaka 10. Hawa wadogo wakitunzwa wanafika 12, 15, hata zaidi. Msichana wa miaka 20 anayenunua leo atakuwa naye akiolewa, akizaa, labda akihamia Kolwezi au Kinshasa. Mfuko wake unapaswa kuhesabu daktari kwa miaka yote hiyo. Hapa Lubumbashi tuna bahati: chuo kikuu chetu kina kitivo cha tiba ya wanyama, na mji una madaktari waliosomea kazi hiyo. Nenda ukaongee nao kabla ya kununua, mbwa akiwa bado kwa muuzaji.

Kama unachotaka ni mwenzi tu, angalia pia mbwa wa hapa hapa. Basenji, anayefugwa leo Ulaya na Marekani kama mbwa wa thamani, asili yake ni misitu ya Kongo. Waingereza walimchukua kutoka huku miaka ya 1930. Ana pua ndefu, miguu imara, manyoya mafupi, habweki kama wengine. Watoto wa mbwa wetu wa mtaani wana mwili wa namna hiyo hiyo, uliochujwa na jua na magonjwa ya hapa, na mara nyingi wanatolewa bure.

Jirani yangu hakununua siku ile. Nilimwomba aje Jumamosi nikimhudumia Kito, aone tu. Alikuja saa tatu asubuhi. Nilimchana tumboni na nyuma ya masikio, ambako manyoya hujifunga kwanza, nikamfuta macho, nikasugua meno yake, yaliyobaki, maana mawili aling'olewa mwaka jana. Nikampima kwenye mizani ile ile ya jikoni: kilo 2 na gramu 900. Yeye alikuwa anaangalia saa. "Dakika arobaini, Yaya," akasema. Kisha akauliza kama kesho nitafanya tena, nikamjibu kwamba kesho, na kesho kutwa.